Biryogo Yaongoza kwa Karamu

Ulimi wa Viateur Kubwimana ulikuwa na kasoro moja tu, nayo ilitosha. Herufi "l" haikukaa juu yake. Akitaka kusema amelala vizuri, anasema "nimerara". Akitaka mlango ufungwe, anaomba "mrango". Siku moja, kibarazani mbele ya wanaume wazima, alimsifia jirani mtoto wake: "Huyu amekura sana, jamani." Jirani akaangalia tumbo la mtoto, akajibu kwamba amekula uji tu wa asubuhi. Viateur alimaanisha mtoto amekua, ambako Kinyarwanda chao husema gukura, lakini nani angempa nafasi ya kujieleza? Kibaraza kizima kilikuwa kimeshaangua kicheko, naye akacheka nao.

Msidhani walimdharau. Biryogo ni mtaa wa Waswahili wa Kigali, na Mswahili akikupenda anakutania. Asipokupenda anakuamkia kwa adabu na kwenda zake. Viateur walimpenda. Alitoka Gitarama, ambako alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkatoliki wa misa kila Jumapili, akapanga chumba cha uani kwa Gahongayire, fundi cherehani ambaye mtaa ulimwita Mama Zubeda. Kila jioni akirudi kutoka kazini alikuta watu wanamsubiri, huyu na cheti cha hospitali, yule na karatasi kutoka ofisi ya komini. Aliwasomea wote taratibu, bila kumfanya mtu ajione mjinga. Ndiyo maana walimwita mwalimu, na ulimi wake huohuo.

Gahongayire, huyo sasa ni habari nyingine. Mama wa miaka hamsini na kitu, goti moja bovu, sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa Nyamirambo kule juu bila yeye kuinuka kitini. Mumewe alishafariki, binti yake Zubeda ameolewa Kigoma. Msahafu aliusoma tangu utotoni, tena kwa sauti ya kupendeza, lakini herufi za Kizungu, zile za magazetini na kwenye vibao, hakuwahi kufundishwa. Na mlangoni kwake neno "hakuna" lilikuwa halitamkwi. Ukija kuomba chumvi, ipo. Ukija na njaa, chakula kipo, hata kama imebaki sufuria ya kukwangua. Angetoka kwa mlango wa uani akakope kwa jirani, kuliko kukutazama usoni akakwambia hakuna. Viateur alimwogopa kidogo, na siku asipomsikia akifoka alikosa raha.

Ilikuwa mwaka 1992, mvua za masika zimeanza, redio haina habari isipokuwa vita vya kaskazini na vyama vipya vya siasa. Jioni moja Viateur akaingia uani na habari ya aina nyingine kabisa. Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa imepata fedha za kufungua darasa la jioni, la kufundisha watu wazima kusoma. Darasa moja tu, kwa mtaa mmoja wa Kigali, ule utakaoonekana una shida kuliko mingine.

Gahongayire akasimamisha cherehani.

"Mtaa gani?"

"Bado, Mama Zubeda. Kwanza tunapima."

"Pimeni basi mmalize. Mimi nitakaa mbele kabisa, macho yangu hayaoni mbali." Akashika kitambaa, akakiacha. "Mwalimu, unanisomea vizuri. Na marehemu alikuwa ananisomea vizuri. Lakini nimechoka kusomewa. Nimechoka mno."

Viateur alizoea kumsikia mama huyu akilalamikia goti, mvua na bei ya uzi. Kuchoka kwa namna hii hakuwahi kumsikia akikusema. Tangu jioni ile akawa na jambo moja moyoni: darasa lije Biryogo.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, na kazi yake ilikuwa kujua kama maisha ya watu mitaani yanasonga mbele au yanarudi nyuma. Mkuu wake, Madamu Aurore, alikuwa amesoma Ubelgiji, na alipenda watu wabishane mbele yake ilmradi wabishane wakiwa wamekaa. Tatizo lao ni kwamba maendeleo huwezi kuyaweka kwenye mizani ukasoma kilo. Lazima uchague alama za kutazama, na alama hizo waliziita vipimo. Kuchagua vipimo ni ugomvi mtupu. Bayingana, mtu wa hesabu, alitaka bati: nyumba yenye bati imeendelea. Madamu akamkumbusha kwamba mjini hapa kila mtu ana bati, hata anayelala njaa. Bayingana akahamia kwenye redio. Alida wa mapokezi, ambaye hakuombwa maoni, akasema baba yake ana redio tangu zamani, ila betri ndizo hana. Sakafu ya saruji ikapita. Viatu vya watoto vikapita baada ya kelele nyingi.

Ikabaki kusoma. Wengi walitaka watu waulizwe tu kama wanajua kusoma. Viateur, ambaye mikutanoni alikuwa mtu wa kutikisa kichwa tu, akainua mkono.

"Mtu mzima ukimwuliza hivyo ataona haya, atasema anajua. Tuulize kama nyumbani kwake kuna kalamu. Nyumba yenye mtu wa kuandika haikosi kalamu. Na kalamu haimtii mtu haya."

Hayo aliyasema kwa Kinyarwanda, ambako kalamu ni ikaramu, na ulimi wake ukiwa kwao hauna kosa lolote. Madamu alikipenda kipimo hicho palepale. Bayingana akataka watu wazionyeshe hizo kalamu. Madamu akakataa: wakati huu wa wasiwasi, nani atakubali kupekuliwa nyumba? Waulizwe tu kama ipo, na kama ipo ni ngapi. Viateur alirudi nyumbani siku hiyo akitabasamu peke yake njiani. Maisha yake yote ndiyo mara ya kwanza watu waliosoma kumzidi kuchukua neno lake na kulifanya kazi.

Biryogo akapewa yeye, maana ndiko alikokaa, na kwa kuwa ni mtaa wa Kiswahili, akaambiwa aulize kwa Kiswahili. Kazi ikaangukia mwisho wa Ramadhani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Nyiraneza, mke wa mchinjaji, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni.

"Sakafu ya saruji iko?"

"Ipo, si unaikanyaga?"

"Watoto iko na viatu?"

"Wanavyo. Yule mdogo amepoteza kimoja."

"Na karamu, iko hapa nyumbani?"

Nyiraneza akainua macho kutoka kwenye ungo. Idi hiyo mlangoni, na mtu anauliza kama karamu ipo.

"Ipo, mwalimu, tutakosaje? Na wewe usikose kuja."

"Asante, nitakuja. Ngapi?"

"Ya Idi moja. Halafu tukimaliza Idi tunaoza, hiyo ya pili."

Viateur akaandika mbili. Maneno ya kuoza aliyachukulia kama mazungumzo ya kawaida, mtu akiwa na furaha hutaja mengi. Akaenda nyumba ya pili, ya tatu, akashuka kichochoro kizima, na kila mlango ulimjibu kwamba karamu ipo, wala asiulize jambo la ajabu kama hilo. Mzee mmoja mshona viatu akamwambia kwa uchungu kwamba ya mwaka huu itakuwa ndogo, vitu vimepanda bei, lakini ipo. Karamu ndogo? Viateur akafikiri kidogo, akaamua ni penseli, akaandika moja. Nyumbani kwa Gahongayire hakuuliza. Alijua kalamu iliyopo ni yake mwenyewe ya mfukoni, akaandika moja akapita.

Idi ilipofika alialikwa kila mahali, akala pilau hadi akawa anatembea kwa kujishika kiuno. Akajiambia hakika watu hawa ni wakarimu, umewauliza maswali ya ofisi nao wanakulisha.

Wiki iliyofuata Bayingana alijumlisha hesabu za mitaa yote, akaja mkutanoni ameshangaa. Biryogo iliongoza Kigali nzima kwa kalamu. Ilikuwa imeipita mitaa ya makarani wa serikali, imeipita mitaa ya walimu. Darasa haliwezi kupelekwa kwa watu wenye kalamu nyingi namna hiyo. Lingekwenda mtaa mmoja upande wa Sonatubes, na Ijumaa Madamu angetia sahihi.

Viateur alifika nyumbani amenyong'onyea. Akamweleza mama yote, wima, kama mwanafunzi aliyefeli. Gahongayire alimsikiliza huku akivuta uzi.

"Sawa," akasema mwisho. "Wa Sonatubes nao ni watu." Lakini uzi ulimkatikia mkononi. "Na sisi mlitupima kwa nini, tukaonekana tumesoma?"

"Kwa karamu."

"Kwa karamu?"

"Ndiyo. Biryogo iko na karamu nyingi kuriko mtaa wote."

"Kwa hiyo tumenyimwa shule kwa sababu tunalisha watu?"

Viateur hakuelewa. Mama naye hakuelewa kwa nini Viateur haelewi. Kisha Viateur akachomoa kalamu mfukoni, akaiinua. "Hii, mama. Karamu."

Bega moja la Gahongayire likaanza kutikisika, kisha la pili, kisha mama akacheka hadi akashika meza ya cherehani asianguke. "Nyiraneza," akasema alipopata pumzi, "Nyiraneza ana biki mbili, moja ya Idi na moja ya harusi. Wee mwalimu, utaniua." Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaendelea kuyafuta, na Viateur akaona kwamba kicheko kimekwisha lakini machozi bado yanakuja.

Hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke. Kipimo chake mwenyewe, kile alichojivunia, na ulimi wake mwenyewe.

"Kesho nitaenda kumwereza Madamu," akasema.

"Usiende. Watakufukuza. Mimi nimekaa bila kusoma miaka yote hii na sijafa."

Akaenda. Madamu Aurore alimsikiliza amekunja uso, na alipofika kwenye penseli ya yule mzee akashindwa, akageukia dirishani, mabega yakacheza. Bayingana hakucheka hata kidogo. Alikuwa amejumlisha karamu kwa siku nzima, na mtu wa hesabu hasahau dharau ya namna hiyo. Madamu aliporudisha uso, alisema maneno mawili. La kwanza, Viateur arudi akaulize upya, na kama hesabu haitabadilika kabla ya Ijumaa, darasa linakwenda Sonatubes. La pili, baada ya hapo kipimo cha kalamu kitafutwa, maana kipimo kinachotegemea ulimi wa anayepima hakifai. Viateur akasema ndiyo, Madamu. Lilimuuma, lakini hakuwa na muda wa kuumia.

Safari hii alijifunza kusema "biki", neno lisilo na mtego. Alifikiri kazi imekwisha. Hakujua kwamba habari ilikuwa imemtangulia mtaani, na njiani ilikuwa imebadilika sura: mwalimu yuko matatani, aliandika kalamu nyingi, zisipoonekana anafukuzwa kazi.

Nyiraneza alimfungulia mlango kabla hajabisha. Alishika biki mpya mbili, vifuniko bado vinang'aa.

"Hizi hapa. Mbili, kama ulivyoandika. Kawaambie hukukosea."

"Mama, hizi umenunua reo."

"Nimenunua lini shauri yangu. Zipo au hazipo?"

Mlango wa pili biki. Mlango wa tatu biki, na mtoto anatumwa mbio kuongeza nyingine. Yule mzee mshona viatu alikuwa amepata penseli, ndogo, ili maandishi ya mwanzo yasivunjike. Duka la kona lilimaliza biki zote, mwenye duka akapanda Nyamirambo kutafuta nyingine. Viateur alisimama katikati ya kichochoro, matope yamemfika kwenye vifundo vya miguu, akawaomba watu kwa sauti ya kulia.

"Tafadhari, semeni hakuna. Mkisema hakuna, tunapata darasa."

"Na wewe unapata nini?" mzee akamuuliza. "Tuseme hakuna, ufukuzwe, ukalale wapi? Unatuona sisi watu wa namna gani?"

Watu wamekusimamia kwa nguvu zao zote, na kwa wema huohuo wanakunyang'anya kitu unachokitaka. Akatembea mlango kwa mlango, na nyuma yake wakajipanga watu na biki zao, wakimsindikiza wasije wakamwacha peke yake, hadi wakafika wote mlangoni kwa Gahongayire.

Mama alikuwa amesimama kizingitini, ameegemea upande wa goti zima. Alikuwa ameyasikia yote tangu mwanzo wa kichochoro. Viateur akasafisha koo, akauliza kama alivyotakiwa kuuliza.

"Mama Zubeda, nyumba hii iko na biki?"

Nyiraneza, kwa upendo, akaanza kupenyeza moja ya zake mkononi mwa mama. Gahongayire aliutazama mkono ule. Watu wote wa pale walikuwa wamewahi kugonga mlango huo wakitafuta kitu, na hakuna aliyewahi kurudi mikono mitupu. Akaurudisha mkono wa Nyiraneza polepole.

"Hakuna," akasema.

Lilimtoka kwa shida, kama mtu anayevua pete iliyobana.

"Andika, mwanangu. Biki hakuna, na mwenye kuijua biki hayupo. Hiyo uliyo nayo mfukoni ni yako, na wewe ni mtu wa Gitarama." Kisha akainua sauti yake ile ya kufika Nyamirambo. "Rudisheni biki za watu dukani. Mwalimu akifukuzwa kazi atakula kwangu, atalala kwangu, na nani amewahi kukosa kwangu? Lakini mimi nataka kusoma. Nimezeeka na nataka kusoma. Msininyime."

Mzee mshona viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Aliitazama penseli yake, akaitia mfukoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba na kwake pia hakuna. Nyiraneza akafuata, macho chini. Viateur alirudi mlango kwa mlango akiandika hakuna, hakuna, hakuna, na kila aliyelisema neno hilo alilisema kama mtu aliyevuliwa kilemba hadharani, kisha akamwuliza mwalimu kama amekula.

Darasa likaja Biryogo, kwenye chumba cha madrasa nyuma ya msikiti, saa za jioni watoto wakishaondoka. Kalamu ikafutwa kwenye vipimo, kama Madamu alivyosema. Viateur hakufukuzwa, alipelekwa kuhesabu viatu vya watoto mitaa ya mbali, na Bayingana akawa anakagua mahesabu yake mara mbili. Gahongayire alikaa mbele kabisa. Alipigana na herufi zile kwa hasira, akazitukana moja moja kwa majina yao, na hakukosa jioni hata moja, goti lipende lisipende.

Kiangazi kilipoingia, Viateur alimsindikiza sokoni Nyamirambo. Safari ikawa ndefu, maana mama alikuwa anasimama kila penye maandishi. Wakarudi na kikapu, wakafika kwenye ukuta mmoja mrefu wenye kivuli na jiwe la kukalia, mahali ambapo Gahongayire alizoea kupumzisha goti lake kila akitoka sokoni, miaka nenda miaka rudi, akisalimiana na wapitao. Akakaa. Kisha akageuka kutazama maandishi makubwa meusi juu ya kichwa chake, na midomo yake ikaanza kwenda.

"U. Si. Usi-ko." Viateur akatazama miguu yake. "Usikojoe. Ha-pa." Mama akarudia yote pamoja. "Usikojoe hapa."

Akainuka kwenye jiwe, taratibu.

"Mwalimu. Niliwahi kukuuliza hapa pameandikwa nini."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia pameandikwa Karibuni."

"Urikuwa umekaa, umechoka," Viateur akasema. "Niriona haya kukwambia."

Gahongayire alicheka, kicheko chake kile cha mabega, hadi wapita njia wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kilipokwisha alimtazama usoni, wala hakuwa na hasira.

"Na hayo mengine yote uliyonisomea. Mangapi uliyaruka?"

Viateur alihamisha kikapu mkono mmoja hadi mwingine.

"Yare ya kukuumiza tu, mama."

"Haya. Kuanzia leo nitaumia mwenyewe," akasema, akamshika mkono kwa ajili ya goti, wakaendelea kushuka.